Sindano Isitangulie Kipimo

Katika nchi ya Wabena, mtu akiamka asubuhi na vidole vimevimba, viganja vimekakamaa hata hawezi kufunga kifungo cha shati, majirani wote huwa na jawabu moja: ni baridi. Na nani atawabishia? Mwezi wa Juni na wa Julai huko Matembwe ukungu hulala juu ya mashamba, na maji ya mtungini huuma meno. Jina lenyewe tulilorithi, baridi yabisi, limekwisha kumhukumu mshitakiwa kabla ya kesi kusikilizwa. Basi mgonjwa hununuliwa blanketi zito, hukandwa kwa maji ya moto, hukalishwa karibu na meko. Na baada ya miaka michache vidole vyake vimepinda kama mizizi, wala hawezi tena kuchuma chai wala kushika jembe.

Twapenda kusema waziwazi kwamba baridi imesingiziwa. Huweza kuzidisha maumivu, hilo hatulikatai. Lakini yabisi inayokula viungo huwapata watu wa Tanga na wa Unguja, wanaolala bila ya shuka, kama inavyowapata watu wa Njombe. Asili yake ni kinga ya mwili. Askari waliowekwa kulinda mji wamegeuka, wakaanza kubomoa nyumba za raia. Hushambulia utando wa viungo, hasa viungo vidogo vya mikono na miguu, kulia na kushoto kwa pamoja. Na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mtu anayeamka na mikono iliyokaza kwa saa nzima au zaidi, siku baada ya siku kwa majuma sita, huyo hana baridi. Ana maradhi yanayotaka daktari, tena upesi, kwa kuwa mfupa ukishaliwa haurudi.

Maradhi hayo sasa yana sindano. Habari zake huingia vijijini kwa njia nyingi: kwa kijana aliye kazini Dar es Salaam, kwa jamaa aliyepelekwa India kutibiwa, kwa simu ya mkononi. Husemwa kwamba mtu aliyekuwa akibebwa huinuka akatembea. Uvumi huzoea kutudanganya katika mambo ya dawa, lakini safari hii una kweli kubwa ndani yake. Mwaka 1992, katika Hospitali ya Charing Cross huko London, wataalamu Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa wa yabisi dawa ya kuzuia kitu kimoja cha mwilini kiitwacho TNF, na wagonjwa wakapata nafuu ambayo wengi wao hawakuipata kwa dawa zilizotangulia. Kutoka hapo zikafuata dawa ambazo leo huitwa adalimumabu, etanersepti, infliksimabu na nyingine za ukoo huo. Hizi hazitengenezwi kama aspirini. Hutolewa na chembe hai zinazolelewa katika mapipa makubwa, na ndiyo maana huitwa dawa za kibayolojia. Ndiyo maana pia hazimezwi, kwa sababu tumbo lingezisaga kama linavyosaga nyama. Na ndiyo maana huharibika kwa joto, na ni ghali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitia adalimumabu katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba sindano hii ni anasa ya matajiri, isiyomhusu mchuma chai wa Lupembe.

Lakini mwenye kuitaka sharti ajue inavyofanya kazi. TNF ndiye mpiga mbiu wa mwili. Adui akiingia, yeye hupuliza baragumu na askari wakakusanyika. Katika yabisi mpiga mbiu huyu amepatwa na wazimu, hupuliza usiku na mchana wala hakuna vita. Sindano humshika, humziba mdomo. Askari hutulia, uvimbe hushuka, mtu hufunga vifungo vyake mwenyewe. Hiyo ndiyo faida. Sasa na tuulize: je, siku adui wa kweli akija, nani atapiga mbiu?

Adui tunayemsemea anaitwa kifua kikuu. Watu wengi katika nchi yetu wamekwisha kuvuta vijidudu vyake bila ya kuugua. Kinga ya mwili huvijengea boma, ikavifungia humo, na mtu huweza kuishi hata uzeeni asijue kwamba ana mfungwa kifuani mwake. Walinzi wa boma hilo humtegemea TNF. Ukimziba mdomo, walinzi hutawanyika, ukuta hulegea, na mfungwa hutoka.

Haya si maneno ya kuwatisha watu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 70 walioshikwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, wengi wao baada ya miezi michache tu. Watu 40 kati yao walipata kifua kikuu nje ya mapafu, hata kikohozi tunachokitazamia kisiwe ndicho dalili. Na jambo ambalo mwananchi wa Njombe hana budi kulitia moyoni ni hili: 64 kati ya hao 70 walitoka katika nchi ambazo kifua kikuu ni nadra. Ikiwa moto umewaka katika nyumba ya mawe, sisi wa nyumba za nyasi tutazame wapi?

Tanzania imo katika nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani liliziorodhesha kwa miaka ya 2021 hadi 2025 kuwa zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Na katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023, mkoa wa Njombe ndio uliokutwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, asilimia 12.7, hali nchi nzima ilikuwa asilimia 4.4. Virusi hivyo na kifua kikuu ni ndugu wanaotembea pamoja, kila mganga wa zahanati ajua. Kumpa mtu wa Matembwe au wa Makambako sindano ya kuziba mbiu bila ya kutazama kwanza kifua chake na damu yake ni kumfungulia mlango adui anayemngoja nje.

Sisi twaona, basi, kwamba katika mkoa huu kipimo ndicho sehemu ya kwanza ya dawa. Mgonjwa aulizwe kama amewahi kuugua kifua kikuu, au amelala nyumba moja na mgonjwa wake. Apigwe picha ya kifua. Akiwa na kikohozi, makohozi yapimwe. Kipimo cha ngozi nacho chafaa, ingawa msomaji wake awe mtu aliyefunzwa, maana karibu sote tulichanjwa BCG utotoni, na chanjo hiyo huweza kuvimbisha mkono wa mtu asiye na kijidudu. Damu ipimwe virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina ya B, kwa kuwa homa hiyo pia hulala kimya ikaamshwa na sindano hizi. Akikutwa na kifua kikuu kilicholala, apewe dawa ya kukizuia, na kwa kawaida apate walau mwezi mmoja wa dawa hiyo kabla ya sindano ya kwanza, kisha aimalize yote. Akikutwa na kifua kikuu kilicho macho, hicho kitibiwe kwanza, na habari ya sindano ingoje uamuzi wa daktari. Matibabu ya kifua kikuu katika nchi hii ni bure, na dawa za virusi vya UKIMWI ni bure. Wala mtu asidhani kwamba mwenye virusi amekwisha kufungiwa mlango wa sindano. Daktari bingwa huweza kumruhusu, ikiwa anameza dawa zake vizuri na kinga yake imeimarika. Kinachokatazwa ni kuchomwa gizani.

Tutaambiwa: mgonjwa analia kwa maumivu, nanyi mwamwambia angoje mwezi! Twajibu kwamba mwezi huo haungojwi mikono mitupu, kwa kuwa zipo dawa nyingine za kumtuliza, tutazitaja mbele. Na tena kanuni hii isiwe ya maskini peke yake. Kuna waheshimiwa wanaojinunulia dawa ng'ambo, wakaja nayo mkobani, wakaomba muuguzi wa jirani awachome kwa siri. Kijidudu cha kifua kikuu hakitazami cheo cha mtu. Muuguzi anayeombwa hivyo na aulize barua ya daktari na majibu ya vipimo. Asipoonyeshwa, na arudishe sindano kwa heshima.

Tuje katika jambo la ubaridi, ambalo watu wa Matembwe wana haki ya kulisema kuliko watu wa mijini. Sindano hizi hukaa katika jokofu lenye nyuzi 2 hadi 8. Zikipata joto huharibika, na zikiganda huharibika vilevile, hata zikiyeyuka tena zikaonekana nzuri. Sasa tufikirie safari. Dawa yanunuliwa Dar es Salaam, yapewa kondakta wa basi, yapita joto la Morogoro na la Mikumi, yapanda Kitonga, yashuka Makambako usiku, yangoja asubuhi ipate gari la kwenda Njombe, kisha gari jingine la Matembwe. Ikiwa imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki mweusi, basi kinachofika si dawa tena, ni maji ya bei kubwa. Na ikiwa mtumaji mwenye huruma ameizungushia barafu ikagusana nayo, imeganda njiani, na hasara ni ile ile. Iwekwe katika sanduku la kuhifadhia ubaridi, pawe na kitambaa au karatasi nene kati yake na barafu, na mtu anayeipokea awe amesimama kituoni. Baadhi ya sindano hizi, adalimumabu kwa mfano, huruhusiwa kukaa nje ya jokofu hata siku 14, ikiwa joto halipiti nyuzi 25 na zimekingwa na mwanga; nyingine zina kanuni zake, na kanuni huandikwa katika karatasi iliyomo sandukuni. Isomwe. Asiyejua lugha iliyoandikwa asione haya kumwomba mwalimu wa shule amsomee.

Twasema Matembwe ina haki ya kulisema jambo hili kwa sababu katika miaka ya 1980, vijiji vingi vya nchi hii vikiwa bado gizani, hapo palijengwa mtambo wa umeme wa maji kwa msaada wa shirika la CEFA la Italia. Na kampuni ya kijiji ikajipatia sifa kwa vifaranga vyake. Mfugaji wa kuku aliyepata kununua chanjo ya mdondo amekwisha kujifunza kwamba chanjo iliyopata jua haikingi, na somo hilo wengi walilipata kwa kuzika banda zima. Tena kila zahanati inayochanja watoto ina jokofu, na joto lake huandikwa asubuhi na jioni. Elimu ya ubaridi, basi, si mgeni kwetu. Lililobaki ni kukubaliana kwamba mgonjwa asiye na jokofu nyumbani aruhusiwe kuweka sindano yake katika zahanati, katika rafu yake na kwa jina lake, chini ya mganga, bila ya kugusana na chanjo za watoto. Lingine lolote litampeleka kwenye jokofu la kilabu, kati ya chupa za bia na nyama, linalofunguliwa mara mia kwa siku na kuzimwa usiku ili kupunguza gharama ya umeme.

Kuchoma kwenyewe si kazi ngumu, na wagonjwa wengi duniani hujichoma. Sindano hutolewa kwenye jokofu ikaachwa nje kiasi cha nusu saa ipate joto la chumba. Haitiwi katika maji ya moto wala haiwekwi juani, wala haitikiswi. Dawa ikiwa na vumbi ndani yake, au imebadilika rangi, au tarehe yake imepita, haichomwi. Mikono huoshwa kwa sabuni. Huchomwa chini ya ngozi, pajani au tumboni, mbali na kitovu kwa upana wa vidole vitatu, na kila mara mahali papya, si penye jeraha wala kovu wala wekundu. Infliksimabu ni mbali na hizi, yenyewe hutiwa mshipani hospitalini. Adalimumabu kwa kawaida huchomwa mara moja kila majuma mawili, etanersepti kila juma. Tarehe iandikwe katika kalenda ya ukutani, kwa maana kichwa cha mkulima wakati wa palizi kina mambo mengi. Sindano iliyotumika huingia katika sanduku la usalama, au chupa ngumu yenye kifuniko, ikarudishwa zahanati ikateketezwe. Isitupwe shimoni ambako watoto hucheza.

Na isigawanywe! Hapa ukarimu wetu ndio unaotuponza. Mama anapata nafuu, amebakiwa na sindano moja, naye ana dada anayeumwa magoti, atamnyimaje? Lakini magoti ya dada yamechakaa kwa umri na kwa mizigo ya kuni, au ana gauti, na sindano hii haiyatibu hayo. Itamwachia madhara bila ya faida, tena bila ya kipimo.

Mtu aliye katika dawa hii anapopata homa, au kikohozi cha majuma mawili, au kutoka jasho usiku, au kukonda, au jipu, au jeraha linalotunga usaha, asichome sindano inayofuata. Aende hospitali siku hiyo, na neno la kwanza analolitamka pale mapokezi liwe kwamba yeye huchomwa sindano ya kupunguza kinga. Wauguzi wengi hawajapata kuiona dawa hii, na si aibu yao. Kwa hiyo mgonjwa atembee na kadi yenye jina la dawa, tarehe ya mwisho ya kuchomwa na jina la hospitali iliyomwandikia. Asikubali chanjo zilizo hai, kama ile ya homa ya manjano au ya surua, bila ya idhini ya daktari wake.

Wakunga nao tuna neno nao. Katika nchi yetu mtoto huchanjwa BCG mara tu azaliwapo, na ni jambo jema lililookoa watoto wengi. Lakini BCG ni chanjo iliyo hai. Mama aliyechomwa infliksimabu au adalimumabu katika miezi ya mwisho ya mimba huwa amempitishia mtoto sehemu ya dawa hiyo, na mtoto huyo akichanjwa upesi chanjo yenyewe huweza kumwua. Kwa kawaida hungojwa hata miezi 6. Swali moja kwa mama, kabla ya sindano ya mtoto, linatosha.

Sasa tuseme habari ya fedha, maana tukinyamaza tutaonekana tumeandika makala kwa ajili ya watu wa Masaki. Bei ya sindano hizi hupita mbali mshahara wa mwezi wa mchuma chai. Madaktari bingwa wa viungo katika nchi nzima ni wachache mno, nao wako mijini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kueleza kwamba hospitali zetu kubwa zilikuwa mijini zikiwafaa wachache, hali fedha za kuzilipia zilitoka katika jasho la mkulima. Zahanati na vituo vya afya vilivyojengwa tangu hapo vyaonekana kwa macho, na hatuna haja ya kuvihesabu. Ila katika maradhi haya ya viungo hukumu ile bado inatusimamia.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba, kwa kuwa sindano ni ghali, mgonjwa wa kijijini hana tiba. Dawa ya kwanza ya yabisi duniani kote, kwa tajiri na kwa maskini, ni vidonge vya methotreksati, ambavyo bei yake ni ndogo. Sindano ya kibayolojia ni ya yule ambaye vidonge hivyo na wenzake havikumtosha. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwavyo. Lakini navyo vina sharti lao, tena kali: humezwa mara moja kwa JUMA, siku ile ile, wala si kila siku. Watu wamekufa, katika nchi zenye hospitali kubwa kuliko zetu, kwa kosa hilo moja la kumeza kila siku. Mwuza dawa na aandike siku kwa maneno: Jumamosi, Jumamosi. Huandamana na vidonge vya foliki asidi, damu na ini hupimwa kila baada ya muda, na mama mwenye mimba au anayetazamia mimba havimezi. Na ulanzi? Twajua kwamba msimu wa ulanzi ukifika Njombe, kumkataza mtu ni kazi ngumu. Lakini methotreksati na pombe hukutana katika ini, na ini ni moja tu. Achague.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo inayotumika zaidi, nasi twaichukia. Ni vile vidonge vya prednisoloni na deksamethasoni vinavyouzwa dukani kwa kuhesabiwa mkononi, bila ya cheti. Huondoa maumivu kwa siku mbili, mgonjwa akamsifu mwuzaji, akarudi, akarudi tena, mpaka uso umevimba kama mwezi, mifupa imekuwa myepesi, sukari imepanda. Na kinga imeshuka pasipo mtu kupima kifua wala damu. Daktari huvitumia vidonge hivi kwa kipimo na kwa muda, hilo ni jambo jingine. Watu wanaotutahadharisha juu ya hatari ya sindano mpya, hali wakinyamazia vidonge hivi vya zamani, hawajatazama vizuri.

Kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kina kazi, nacho hakingojei bajeti ya Dodoma. Diwani na amwulize Bwana Mganga Mkuu wa Wilaya kama methotreksati hupatikana katika hospitali ya karibu mwezi baada ya mwezi, au hupatikana mwezi huu ikakosekana mwezi ujao. Amwulize ni siku gani daktari anayejua maradhi ya viungo hufika mkoani, na mgonjwa wa Matembwe apate vipi habari hiyo kabla ya nauli yake kwisha bure. Aombe rafu ile ya jokofu. Na matawi ya Chama katika mashamba ya chai, pamoja na viongozi wa wafanyakazi, wawafuate wenye mashamba juu ya mchumaji ambaye mikono yake imevimba: asiondolewe kazini kwa kuwa kilo zake zimepungua, bali apewe ruhusa ya kwenda kupimwa, na wakati anapongoja dawa imtulize apewe kazi ya mizani au ya kitalu. Wanawake wa namna hiyo wapo leo katika mistari ya chai, wamefunga vidole kwa vitambaa, wanachuma kwa viganja.